Walinizeesha kwa Poda

Waliosoma Jumamosi iliyopita wanajua waliniacha wapi. Rashid, mume niliyekaa naye miaka kumi na tisa Mtongwe, alinipelekea karatasi ya talaka kwa mkono wa mdogo wake, kwa sababu watu walimwambia nimeonekana kwenye televisheni nimekaa kitanda kimoja na mwanamume. Nilikaa, kweli. Nilikaa kumfunga bandeji ya mguu, na chumbani mlikuwa na watu kumi na wawili, kamera na taa tatu.

Nikarudi kwa kakangu Mwidani, Likoni, nikakaa eda. Sikulia. Wifi yangu Mwanatabu alikuwa akichungulia kuona kama nalia, akinikuta nimelala chali natazama mabati.

Eda ikaisha. Nikavaa buibui, nikavuka feri, nikaenda kazini Changamwe. Hapo ndipo yalipoanza ya leo.

Mchezo wetu uliitwa Ukuta Mmoja, ukionyeshwa Jumapili baada ya magharibi. Tulikuwa tukiurikodi katika nyumba ya kukodi Changamwe, karibu na reli, na treni ikipita tunanyamaza sote mpaka imalize. Kwa miaka sita nilikuwa Zaina, mke wa Faruki. Faruki aliigizwa na Rama, mtu wa kifua kipana aliyepaka nywele zake piko ya kuficha mvi kila baada ya wiki mbili.

Nilipoingia siku ile nilimkuta msichana dirishani amevaa gauni langu la kijani. Lilikuwa limebanwa kwa pini mgongoni.

"Madam Mwanarusi, karibu," akasema Nicanor. Alikuwa prodyuza mpya, ametumwa kutoka Nairobi nikiwa edani. "Kuna mabadiliko kidogo tu."

"Mabadiliko gani?"

"Huyu anaitwa Suad. Alikuwa mapokezi kwenye hoteli huko Shanzu. Ndiye Zaina sasa."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa mama."

"Mama wa nani?"

"Wa Faruki."

Nikamtazama Rama. Rama akatazama viatu vyake.

"Rama amenizidi miaka minane," nikasema. "Kitambulisho chake nimekiona."

"Kamera haisomi kitambulisho."

"Na watu je? Jana nilikuwa mkewe."

"Tutapumzisha mchezo miezi mitatu. Tukirudi, mama mtu ametoka shamba kuja kukaa na mwanawe. Zaina ana sura mpya, basi. Watu watazoea." Akafunga faili. "Sikiza, madam. Mwanamume anaweza kuwa na mapenzi kwenye skrini mpaka ang'oke meno. Mwanamke akipita arubaini, ni mama. Hii maneno si mimi niliianza."

Nilikuwa na miaka arubaini na tatu.

"Sawa," nikasema.

Wengi wameniuliza mbona nilikubali upesi hivyo. Nilikuwa nimeshazoea neno lile. Ndilo nililomwambia shemeji yangu aliponipa karatasi mlangoni. Sawa. Nikamkaribisha chai.

Wakaanza kunizeesha siku ile ile.

Poda ya watoto kichwani, kopo zima, ikasuguliwa mpaka nywele zikawa kama majivu. Wanja kwenye mikunjo ya uso, na palipokosekana mkunjo wakachora. Vipande vya pamba mashavuni ili maneno yatoke mazito. Kanga mbili zilizochujuka, na bakora. Nilipojiona kwenye kioo nilimwona mama yangu mwaka aliofariki. Nikangoja nione kama nitalia. Treni ikapita. Haikutokea kitu.

"Safi," akasema Nicanor. "Tena ukikaa, kaa kama unaumwa na mguu."

Suad hakujua kuigiza. Alikuwa msichana mwema, sura nzuri, lakini akiambiwa alie anacheka. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Usitafute machozi, mwanangu," nikamwambia. "Tafuta pumzi. Ivute, halafu ikuponyoke. Machozi yatafuata yenyewe."

"Wewe ulikuwa ukifanya hivyo, Bi Mwanarusi?"

"Miaka sita."

"Na wanifundisha mimi? Huna kinyongo?"

Nikajikagua kama nina kinyongo, kama mtu anayejipapasa mfukoni. Hamkuwa na kitu.

Mchezo ukarudi hewani. Wiki ya tatu barua zikaanza kuja. Watu walimpenda yule bibi. Alikuwa na ulimi, nayo maneno mengine sikuandikiwa, niliyatoa mwenyewe. Barua zikaja kutoka Kisauni, kutoka Malindi, hata kutoka Voi. Hakuna aliyeuliza Zaina wa kwanza alikwenda wapi.

Na mimi nikazeeka Likoni nzima.

"Shikamoo, bibi," akaniambia muuza nazi ambaye tulisoma naye madrasa.

"Wewe Tsofa, mimi ni bibi yako?"

"Ah, ni heshima tu. Si tumekuona Jumapili!"

Kwenye feri mwanamume mwenye mvi za haki akanipisha kiti. Sikuwa na poda wala bakora. Nikakaa. Ningesema nini?

Basi Alhamisi moja, baada ya alasiri, ukabishwa mlango kwa kakangu. Alisimama mwanamume wa makamo, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, amebeba halua kwenye chano kilichofunikwa. Akajitaja: Aidarus, mwenye duka la nguo Kisauni. Baba yake, Mzee Jamaludin, anakaa Frere Town.

Wifi yangu alipoona kile chano alinikimbilia chumbani.

"Mwanarusi! Wallahi hii ni posa! Vaa leso nzuri. Tena mtu mwenyewe si haba!"

Akatia udi. Tukasimama nyuma ya pazia, yeye amenishika mkono.

"Karibu, sheikh," tukamsikia Mwidani. "Umekuja na la heri?"

"La heri. Nimekuja kumposa dada yako, Bi Mwanarusi."

Mwanatabu akanibana vidole.

"Alhamdulillahi. Ni kheri hiyo. Huna mke?"

"Tuliachana miaka minne iliyopita. Lakini, samahani, sheikh, hatujaelewana. Sikuja kujiposea mimi."

"Ehe?"

"Nimetumwa na baba."

Kisha Mwidani, polepole: "Baba yako ana umri gani?"

"Sabini na sita."

Mwanatabu aliniachia mkono akauziba mdomo wake.

"Na dada yangu unajua ana umri gani?"

"Mzee amemwona kwenye televisheni. Ameona wanalingana."

Nikafungua pazia nikatoka. Sijui kwa nini. Si desturi, najua. Nilisimama mbele yake na leso yangu ya rangi ya bahari, uso mtupu, nikasema, "Shikamoo. Mimi ndiye Mwanarusi."

Aidarus akasimama. Chano kikamponyoka kidogo, akakidaka.

"Wewe ndiye bibi?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama usoni, kisha akayainamisha macho, kwa adabu. Akaeleza akitazama mkeka. Mama yake alifariki mwaka juzi. Tangu siku ile mzee hasemi na mtu. Huletewa chakula akala vijiko viwili. Isipokuwa Jumapili. Jumapili huinuka mwenyewe, huvuta kiti mpaka karibu na televisheni kwa sababu jicho moja lina mtoto wa jicho, na yule bibi akitokea humjibu. Humwambia, keti mama, mguu wako huo. Humwambia, usiwasikize hao.

"Juzi aliniita," Aidarus akasema. "Neno la kwanza aliloniambia mwaka huu. Alisema, mtafute bibi yule, ana mume? Nami nikauliza watu, wakaniambia hana."

Mwidani akanitazama. Mwanatabu naye, kutoka kwenye pazia.

"Nitakwenda anione," nikasema. "Akinitaka, sawa."

Tulikwenda Jumamosi, mimi na kakangu. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu, televisheni imefunikwa kitambaa cha kushonwa. Mzee Jamaludin alikuwa kitini karibu na dirisha, mwembamba, kanzu nyeupe pe.

"Baba," akasema Aidarus, "yuwaja. Ndiye huyu."

Mzee akainamisha kichwa upande ili anione kwa jicho zima. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Ndiye nani?"

"Bibi uliyemtaka."

"Huyu?" Sauti yake ilikuwa kavu lakini ilifika mpaka jikoni. "Huyu ni mtoto huyu! Mimi nilimtaka mzee mwenzangu, tukae, tusemezane. Mwaniletea kijana nimfanye nini? Anifichie bakora anicheke?"

"Baba, ni yeye. Kule humpaka poda."

"Mwanidanganya kwa sababu sioni. Mpelekeni kwao. Mimi sina haja na wasichana, wallahi."

Akageukia dirisha.

Asubuhi ya siku ile ile, Changamwe, tulipigwa picha ya gazeti, naye Nicanor akaniambia nisimame nyuma kabisa, kwa sababu mbele walitaka sura changa. Jioni nimerudishwa kutoka Frere Town kwa kuwa mchanga mno. Nilimweleza wifi yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye. Nilikuwa nikisikia kicheko changu kama kinatoka kwa jirani.

Aidarus alirudi mara moja, wiki iliyofuata. Akasema mzee ameacha hata vile vijiko viwili.

"Njoo siku moja tu," akaniomba mbele ya Mwidani. "Njoo kama bibi. Umwambie ale, basi."

"Mimi si daktari," nikamwambia. "Na poda ile ni ya kazi."

Akaondoka.

Kisha Nicanor akaniua.

Hakuniambia mapema. Nilifika nikakuta kitanda kimetandikwa shuka nyeupe.

"Leo bibi anakufa," akasema.

"Mbona? Si barua zinakuja?"

"Barua ndiyo shida. Wote wanaandika bibi, bibi. Hakuna mtu anaandika Zaina na Faruki. Rama amelalamika, na wakubwa wamekubali. Mchezo ni wa mapenzi, madam. Si wa nyanya."

"Na baada ya kufa?"

"Baada ya kufa ni kufa. Tukipata kitu kingine tutakuita."

Nikalala kitandani. Wakanifunga kidevu kwa kitambaa. Rama akasimama pembeni na piko lake, akasema maneno ya mtoto aliyefiwa na mama. Suad akapiga magoti, akavuta pumzi, akaiacha imponyoke. Akalia. Akalia kweli kweli, machozi yakinidondokea mkononi, mpaka yule wa kamera akajifuta pua. Mimi niliyemfundisha nilikuwa chini ya shuka nimezuia pumzi, nahesabu.

"Kata!" akasema Nicanor. "Asante, bibi."

Kipande kile kilikuwa cha kuonyeshwa baada ya wiki saba.

Sasa nafika penye aibu yangu, nami niliahidi tangu mwanzo kuwa sitaficha. Nilipokuwa nabadilisha nguo, nilitia mkobani kopo la poda, wanja, zile kanga mbili na pamba. Bakora niliipitisha chini ya buibui. Niliiba. Kesho yake sikuaga mtu, nikavuka feri, nikavuka na daraja, nikaenda Frere Town peke yangu.

Sikwenda kwa huruma. Watu wa Kisauni baadaye walinisifu kuwa niliona huruma. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa imebaki nyumba moja tu duniani ambamo ningeingia nikawa mtu fulani.

Jikoni nilimkuta Florence, mama wa Kirabai aliyekuwa akimpikia mzee. Nikamweleza ninachotaka. Akaweka mwiko chini.

"Hii ni dhambi, mama, au ni mchezo?"

"Sijui, Florence. Nifunge kanga."

Akanifunga. Tena yeye ndiye aliyesema poda imezidi, akaipunguza kwa kanga yake.

Nikaingia ukumbini kwa bakora. Mzee alikuwa ameinamia magoti. Nikasema, kwa ile sauti, "Assalamu alaykum. Nyumba hii haina mtu wa kumpa mgeni kiti?"

Alinyanyua kichwa. Akanivutia kiti kilichokuwa pembeni yake.

"Waalaykumu salaam. Ndoo. Ndoo ukae, mama, mguu wako huo."

Nikakaa.

"Yule kijana aliyeletwa juzi ni nani?" akauliza.

Sikuwa nimejitayarisha. Neno lilitoka lenyewe, laini, kama lililoandikwa.

"Yule ni mwanangu. Tumefanana. Wakachanganya."

"Ah! Nami nikamkaripia mtoto wa watu!" Akapiga paja. "Florence! Lete chakula. Lete cha watu wawili."

Akala sahani nzima. Aidarus alirudi kutoka dukani akatukuta. Alisimama mlangoni na viatu mkononi. Nilidhani atanifukuza. Alikwenda akajifungia chumbani, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Nikaenda tena Jumanne. Nikaenda Alhamisi. Nyumbani nilisema nimepata kazi ya kushona Kisauni. Kila nikifika Florence ana beseni na poda tayari, na nikiondoka nanawa jikoni kabla ya kutoka.

Mzee Jamaludin alikuwa karani bandarini enzi zake, na alijua meli zote kwa majina. Nilizisikiliza. Aliniuliza kama usiku miguu inaniuma, nikasema inauma, akaniagizia mafuta ya ufuta. Miguu yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Nikayapaka nyumbani kwa sababu ni zawadi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza habari ya miguu yangu katika maisha yangu yote.

Siku ya kumi na mbili, au kumi na tatu, aliniambia, "Mwanarusi, sote twaondoka. Tuondokee nyumba moja."

"Sawa," nikasema.

Niliposema neno lile nilijisikiliza. Palikuwa na kitu nyuma yake safari hii, kidogo sana, kama mtu anayesogea chumba cha pili.

Mwidani aliambiwa mzee amegeuza nia, amenikubali. Hakuuliza zaidi. Dada aliyeachika kupata stara, auliza nini? Ndoa ikawekwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Wiki yenyewe ilikuwa ile ya saba. Jumapili baada ya ndoa ndiyo televisheni ingeonyesha nikifa.

Nilimwuliza Aidarus tutafanyaje Jumapili. Akasema ataiharibu antena. Alisema hivyo akitazama ukutani.

Jumanne ya wiki ile nikaenda kama kawaida. Mzee alikuwa amevaa koti juu ya kanzu, na mkononi ana tasbihi. Aidarus alikuwa amekaa chini karibu na miguu yake. Hiyo haikuwa kawaida, saa zile huwa dukani.

"Mwanarusi, keti," akasema mzee. "Nina neno, na nimelipima. Yule mwanao niliyemkaripia, ameolewa?"

"La."

"Basi nimeamua. Nataka nimwoze Aidarus. Watu wa nyumba moja wawe nyumba moja. Ijumaa hiyo hiyo, ndoa mbili. Ya wazee asubuhi, ya vijana baada ya sala."

Nilikuwa na pamba mashavuni. Nikaitafuna.

"Aidarus, wasemaje?" mzee akauliza.

Nikamtazama Aidarus. Nilimngoja acheke. Nilimngoja aseme, baba, haiwezekani.

"Nimeridhika, baba," akasema.

"Alhamdulillahi. Mama mtu?"

"Nitakwenda nikamwulize," nikasema. Nikainuka. Nilisahau kuegemea bakora, nikakumbuka nilipofika mlangoni.

Aidarus alinifuata nje mpaka langoni. Ilikuwa saa tisa, jua kali, barabarani watu wanapita.

"Huna akili?" nikamwambia. "Wajua hakuna mwana. Ni mimi."

"Najua."

"Sasa umemwitikia mzee nini?"

"Mimi ndiye niliyemwomba aseme." Alikuwa amezishika nondo za lango. "Nilimwambia jana kuwa yule mwanao nimempenda. Mimi nilikuona kabla yake, Mwanarusi. Siku ile Likoni, ulipofungua pazia."

"Ungesema siku ile."

"Ningesemaje? Nilikuwa nimeshika halua ya baba."

Mama mmoja akapita na ndoo, akaziona mvi zangu. "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba.

"Ukiolewa na baba saa nne," akasema Aidarus kwa sauti ya chini, "saa tano umekuwa mama yangu. Utaniharamikia mpaka kufa. Kwa hiyo usije saa nne. Njoo baada ya sala. Njoo na uso wako. Mwidani nimezungumza naye, amesema uamue wewe."

"Na bibi? Mzee atamngoja asubuhi. Nani atamwambia bibi yu wapi?"

Akaziachia nondo.

"Tutamwambia ameshikwa na homa, yuko kwao Likoni," akasema. "Na Jumapili televisheni itamwambia yaliyobaki."

Nikaelewa kuwa hakuwa na nia ya kuharibu antena yoyote.

Mambo mengi niliyowaeleza humu nilipaswa kuyahisi na sikuyahisi. Hili nililihisi. Lilipanda mpaka kwenye pamba. Niliitoa ile pamba, nikaitupa chini, mbele yake.

"Amekuwa akila kwa mkono wangu wiki sita," nikamwambia. "Nawe wataka anione nimefungwa kidevu."

"Sasa wataka nini? Kumdanganya mpaka lini? Kila asubuhi utaamka kabla yake upake poda? Mpaka lini, Mwanarusi?"

Hapo alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa na haki, na alisimama juani akinitazama mimi, mvi za uongo na wanja wa uongo, kwa macho ambayo mwanamume hakunitazama nayo tangu Mtongwe, na sijui kama hata huko niliwahi kutazamwa hivyo.

Nyuma yetu mlango ukafunguka. Alikuwa Florence, anajifuta mikono.

"Bibi," akasema, "mzee anaita. Anasema usiende. Anasema umtume mtu Likoni amlete yule mwanao leo leo. Anataka amwombe radhi kwa mdomo wake kabla ya Ijumaa."

Aidarus akaniangalia. "Mwambie mwana amesafiri," akanong'ona.

Nikampita. Nikarudi uani kwa upande wa jikoni, Florence nyuma yangu. Nikaiegemeza bakora ukutani.

"Florence, kuna maji?"

"Maji ya nini?"

"Ya kunawa uso."

Akaniangalia, kisha akaangalia mlango wa ukumbini. Mzee alikuwa akikohoa kule ndani, anauliza kama bibi ameshaondoka.

"Maji yapo," akasema Florence polepole. "Lakini ukishanawa, mama, ukapita mlango ule, utapita kama nani?"

Nilikuwa nimeshainama juu ya beseni.